Rekodi za Barabara ya Kaskazini: Kwa Gari-Nyumba Kutoka Dawson Creek Hadi Bahari ya Aktiki

Yukon na Alaska ni nchi za mabango. Mji wenye sheli moja na mgahawa mmoja hauoni haya kusimamisha bango la kutangaza kwamba hapo pana kitu kikubwa kuliko vyote, kirefu kuliko vyote, au cha mwisho kabisa upande wa kaskazini. Mengine ni kweli tupu, mengine ni biashara. Anayesafiri kwa gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, ana nafasi ya kuyapima moja moja, kwa sababu gari lenyewe ni zito na kiangazi cha huko hakina usiku wa kumhimiza mtu. Nimeyachambua kwa kipimo changu, na mpangilio ufuatao haufuati ramani wala ukubwa.

Nianze na barabara yenyewe. Alaska Highway inatoka Dawson Creek, mji mdogo wa jimbo la British Columbia nchini Kanada, inakatiza Yukon na kuishia Delta Junction, Alaska. Siku hizi ina kilomita 2,230 hivi, karibu sawa na kwenda Mombasa hadi Kampala na kurudi. Lakini urefu si rekodi yake. Rekodi yake ni haraka. Japani iliposhambulia Pearl Harbor Desemba 1941, Marekani ilizinduka kwamba Alaska haifikiki kwa gari. Machi 1942 jeshi likaingia msituni. Kabla Oktoba haijaisha, tingatinga lililotoka kusini lilikutana na lililotoka kaskazini karibu na Beaver Creek, na Novemba 20 njia ikazinduliwa kwenye kilima kilicho juu ya Ziwa Kluane. Miezi minane, katika milima na vinamasi ambavyo hata ramani zake zilikuwa za kubahatisha.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa askari zaidi ya 10,000, na takriban theluthi moja yao walikuwa Wamarekani Weusi wa regimenti za uhandisi za 93, 95 na 97. Jeshi la enzi hizo liliwatenga kwa rangi, na wapo makamanda waliosema wazi kwamba hawawataki Alaska. Kwenye mto Sikanni Chief, Julai 1942, watu wa regimenti ya 95 walikuwa na daraja la mita 90 hivi la kujenga. Husimuliwa kwamba waliweka dau la mishahara yao kuwa halitawachukua siku tano. Wakaingia kwenye maji ya barafu hadi kifuani, usiku wakafanya kazi kwa mwanga wa taa za malori, na baada ya saa 84 daraja likawa limesimama. Daraja hilo la mbao halipo tena, liliungua mwaka 1992, na wasafiri wengi hupita pale wakiwa wanatafuta mahali pa kunywa kahawa. Kwangu, hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya barabara nzima.

Askari mwingine aliacha alama ya aina nyingine. Mwaka 1942 huko Watson Lake, Carl Lindley wa Danville, Illinois, alipewa kazi ya kutengeneza nguzo ya vibao vya njia, na kwa kuwa alikuwa amepakumbuka kwao, akaongeza kibao cha Danville. Wengine wakaiga. Leo pana msitu wa nguzo wenye vibao zaidi ya 80,000: majina ya miji, namba za magari, hata vifuniko vya sufuria vilivyoandikwa kwa rangi. Ukitaka kuacha cha kwenu, njoo na misumari.

Mlima unaoushinda Kilimanjaro kwa mita 64

Mwafrika Mashariki akifika Haines Junction, Yukon, atataka kujua jambo moja tu: milima hii ni mirefu kuliko wetu? Jibu linauma kidogo. Mlima Logan, mrefu kuliko yote nchini Kanada, una mita 5,959. Kilimanjaro ina 5,895. Tofauti ni mita 64. Denali ya Alaska, kilele cha Amerika Kaskazini nzima, inafika mita 6,190, na mtu wa kwanza kukanyaga kilele chake, Juni 7, 1913, alikuwa Walter Harper, kijana aliyezaliwa na mama Mwathabaska, mwenyeji wa nchi ile. Serikali ya Marekani ilirudisha rasmi jina la zamani la mlima huo, McKinley, mwaka 2025. Huko Alaska wengi wanaendelea kusema Denali.

Tofauti iliyopo si ya mita tu. Kilimanjaro unaweza kuupanda kwa miguu yako na mpagazi mwenye moyo. Logan kwa kawaida huwezi hata kuuona ukiwa barabarani: umejificha nyuma ya safu nyingine za milima, katikati ya uwanja wa barafu ambao, ukitoa wa kwenye ncha za dunia, hauna mwenzake kwa ukubwa. Lazima ukodi ndege ndogo. Upande wa pili wa mpaka, barafu hiyohiyo inaendelea ndani ya Wrangell-St. Elias, hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Marekani, yenye kilomita za mraba 53,000 na ushei. Serengeti zaidi ya tatu zinaenea humo. Ila Serengeti utaona wanyama kutwa nzima, na Wrangell unaweza kuzunguka siku mbili usione zaidi ya kunguru. Ukubwa wa hifadhi na wingi wa wanyama ni mambo mawili tofauti, na mabango hayakwambii hivyo.

Mto uliohama kwa siku nne

Kusini mwa Ziwa Kluane, barabara inapita juu ya daraja refu kuliko mto ulio chini yake. Miaka kumi na kitu iliyopita usingeshangaa, maana Mto Slims, au A'ay Chù kwa lugha ya wenyeji, ulikuwa mpana, wa kijivu, wenye kasi. Ulitoka kwenye barafuto ya Kaskawulsh, lile rundo kubwa la barafu linaloteremka bondeni polepole, na maji yake yaliingia ziwani, yakafuata Mto Yukon, yakasafiri mpaka Bahari ya Bering.

Mwaka 2016 barafuto ilikuwa imesinyaa kiasi kwamba maji ya kuyeyuka yalijichimbia mfereji kwenye barafu na kupata mteremko mkali zaidi upande wa pili. Mwishoni mwa Mei, kwa muda wa siku nne tu, karibu maji yote yakahama. Sasa yanaelekea kusini kupitia Mto Alsek hadi Ghuba ya Alaska, bahari nyingine kabisa. Wanajiolojia walijua kwamba mto unaweza kuporwa na mwingine, lakini walikuwa wakisoma habari hizo kwenye miamba ya kale, matukio ya maelfu ya miaka. Huu ndio wa kwanza wa nyakati hizi kushuhudiwa ukitokea, na taarifa yao ya mwaka 2017 ilieleza chanzo waziwazi: ongezeko la joto duniani.

Kilichobaki ni bonde la udongo laini kama unga. Upepo ukivuma, vumbi linapanda mpaka linaficha mlima. Funga madirisha ya gari kabla ya kufika darajani, na ukiwa umeanika taulo nje, lifute kwenye hesabu. Kando ya barabara hapo kuna kondoo weupe wa mwituni kwenye miteremko ya Thechàl Dhâl, na watu huinua darubini kuwatazama wao. Mimi ningeutazama mto.

Baridi

Kaskazini zaidi, karibu na Beaver Creek, palikuwa na kiwanja cha ndege kiitwacho Snag. Asubuhi ya Februari 3, 1947, watu wa hali ya hewa walitoka kusoma kipimajoto na kukuta pombe ndani yake imeshuka chini ya namba ya mwisho. Wakakwaruza alama kwenye kipimo na kukipeleka Toronto kuhakikiwa. Jibu likarudi: nyuzi 63 chini ya sifuri. Kwa bara la Amerika Kaskazini, ukiiweka kando Greenland, hakuna baridi iliyopimwa ikazidi hiyo. Waliokuwepo walieleza kwamba pumzi iliganda hewani ikisikika, na mbwa wa kijiji kilichokuwa kilomita kadhaa kutoka hapo walisikika wakibweka kama wako uani.

Alaska nayo ina ya kwake: Prospect Creek, nyuzi 62 chini ya sifuri, Januari 23, 1971, rekodi ya Marekani nzima. Na kwa kukufanya uone jinsi nchi hii isivyo na kiasi, Fort Yukon, ambayo haiko mbali sana na hapo, ilifikisha nyuzi 38 za joto Juni 1915.

Bila shaka msafiri wa gari-nyumba huja Juni hadi Agosti na hayaoni hayo. Anachoonja ni kazi ya baridi. Kati ya Destruction Bay na mpaka wa Alaska barabara imelala juu ya ardhi iliyoganda isiyoyeyuka mwaka mzima, na pale inapoyeyuka kidogo lami inazama na kuinuka kama mawimbi. Kila kabati ndani ya gari hujifungua. Vikombe vinaruka, mlango wa friji unapiga, sukari inamwagika kwenye shuka. Wenye uzoefu huteremka hadi kilomita 50 kwa saa, hufunga makabati kwa kamba, na hubeba tairi mbili za akiba badala ya moja. Wengi wana kile kitabu kinene kiitwacho The Milepost, kinachotolewa tangu 1949, kinachoorodhesha kila sheli, kila mteremko na kila mahali pa kumwagia maji ya choo. Mabango yanaweza kutia chumvi. Kitabu hicho hakina utani.

Wakubwa wa njiani, na wadogo wanaowashinda

Nyati wa msituni, karibu na chemchemi za maji moto za Liard, ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu Amerika Kaskazini. Dume hukaribia kilo 900 na hulala katikati ya lami akijua kabisa kwamba hakuna atakayempigia honi mara mbili. Musi wa Alaska ni kulungu mkubwa kuliko wote duniani: begani anamzidi mtu mrefu, na dume huota pembe zenye upana wa karibu mita mbili, akazidondosha baada ya msimu wa kupandana na kuota nyingine mwaka ufuatao. Miguu yake mirefu ndiyo hatari. Ukimgonga, gari linamfagia miguu na mwili unakuja juu ya boneti hadi kwenye kioo cha mbele. Kuna watu wanaomwogopa dubu njia nzima, kumbe wa kumwogopa jioni ni huyu.

Hao wana picha zao kwenye vikombe na fulana. Sasa wasikie wasio na fulana.

Katika kambi ya Teklanika, ndani ya Hifadhi ya Denali, kindi wa ardhini husimama wima pembeni ya magari wakisubiri makombo. Usiwape, ni marufuku. Mdogo huyu ana rekodi ambayo hakuna mamalia mwingine anayejulikana kuifikia: akiwa usingizini wakati wa baridi, joto la mwili wake hushuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri, na damu haigandi. Brian Barnes wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks alichapisha vipimo hivyo mwaka 1989. Kila baada ya wiki mbili au tatu, kindi hutetemeka akiwa hajaamka hadi arudi kwenye joto la kawaida la mamalia, akakaa hivyo kwa saa chache, kisha akapoa tena. Hivyo hivyo kwa miezi saba au minane. Akitoka shimoni, dubu anamngoja kwa makucha.

Chura wa msituni wa Alaska ana njia yake. Yeye huganda kweli. Moyo husimama, pumzi hukatika, maji ya mwilini hugeuka barafu kwa sehemu kubwa, na ukimshika ni mgumu kama jiwe. Kinachomwokoa ni sukari ambayo ini lake huijaza kwenye chembehai ili zisipasuke. Utafiti uliochapishwa 2014 uliwafuatilia vyura wa Fairbanks waliokaa wameganda kwa wastani wa siku 193, katika baridi iliyofika nyuzi 18 chini ya sifuri, na majira ya kuchipua walipofika wote wakaamka. Huyu hutamwona kirahisi. Ila Mei ukilala karibu na kidimbwi, utawasikia madume wakiita kwa sauti inayofanana na ya bata.

Wanyama wanaohama nao wanaleta mzozo na sisi wa Afrika Mashariki. Tumezoea kusema hakuna safari ya wanyama inayoizidi ya nyumbu wa Serengeti na Maasai Mara. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha wanyama wanaohama kwa miguu duniani, wakipima umbali kati ya mwisho mmoja wa safari na mwingine, kwenda na kurudi, na walioongoza ni karibuu, reindia wa porini wa kaskazini, kwa zaidi ya kilomita 1,200. Kundi la Porcupine, ambalo wenye bahati hukutana nalo kwenye barabara ya Dempster mwanzoni mwa vuli, lilihesabiwa 218,000 hivi mwaka 2017. Tuwaachie umbali. Kwa wingi, nyumbu wetu milioni moja na ushei bado wanalizidi kundi hilo kwa mbali.

Angani rekodi ni za kutisha. Oktoba 2022 ndege wa pwani aina ya sululu-mkia-mistari, mwenye miezi mitano tu tangu aanguliwe, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11, bila kutua, kula wala kunywa.

Hata hivyo mimi namchagua mwingine, na nakiri kwamba nina upendeleo. Kwenye miinuko isiyo na miti ya Alaska ya ndani hutaga kandege ka gramu 25, Oenanthe oenanthe kwa jina la kisayansi. Mgongo wa kijivu, kiuno cheupe kinachong'aa akiruka, na mkiani weusi wenye umbo la herufi T iliyopinduliwa. Hurukaruka juu ya mawe, akainama, akasimama wima, akatikisa mkia. Watafiti waliwafunga baadhi yao vifaa vidogo vya kurekodi mwanga, na waliowapata tena wakatoa majibu yaliyochapishwa 2012: ndege hawa walivuka Bering, wakapita Siberia yote, Asia ya Kati na Bara Arabu, wakafika Sudan, Uganda na Kenya. Kilomita 14,500 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kwenda kuliwachukua miezi mitatu, kurudi chini ya miwili. Kwa ndege waimbao, hiyo ni mojawapo ya safari ndefu kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi au Kitengela anayemwona kandege huyu Desemba juu ya kichuguu, akimdhani ni wa hapahapa, huenda anamtazama mzaliwa wa Alaska.

Kabichi ya kilo 62

Kaskazini ya Anchorage, Bonde la Matanuska, ndiko serikali ilikowahamishia mwaka 1935 familia 203 za wakulima kutoka majimbo ya Minnesota, Wisconsin na Michigan, zilizofilisika wakati wa Mdororo Mkuu. Ardhi nzuri, msimu mfupi. Ila kilele cha kiangazi mwanga ni saa 19 kwa siku, na kabichi hailali. Kwenye maonyesho ya jimbo huko Palmer, mwaka 2012, Scott Robb alipima kabichi ya kilo 62.71, ikaingia Guinness. Hubebwa na wanaume wawili kwenye turubai, kama maiti. Haina ladha ya kusifia, nadhani, lakini mboga ya kuwalisha wageni wa harusi ingekuwa imepatikana.

Mwanga huohuo ndio unaoiwezesha Fairbanks kucheza besiboli usiku wa Juni 21 bila taa moja uwanjani, mchezo ukianza saa nne na nusu usiku. Wanafanya hivyo tangu 1906.

Rekodi nyingine nizitaje kwa mkupuo. Kwenye rasi ya Kenai, Mei 1985, Les Anderson alivua samoni wa kilo 44.1, rekodi ya dunia kwa ndoano na mshipi. Njia ya Valdez inapita Thompson Pass, ambapo majira ya baridi ya 1952 hadi 1953 ilianguka theluji ya zaidi ya mita 24. Whitehorse wanadai kuwa na kishale cha upepo kikubwa kuliko vyote duniani, nacho ni ndege nzima ya DC-3 iliyochomekwa juu ya nguzo, pua ikigeuka kuelekea upepo unakotoka. Dai hilo nalikubali kwa kicheko. Carcross wanadai jangwa dogo kuliko yote. Hilo silikubali: ni mchanga wa ziwa la kale, na mvua inayonyesha hapo ni zaidi ya ya jangwa.

Mwisho wa barabara, na mikataba

Gari-nyumba likitaka Bahari ya Aktiki lina njia mbili. Ya Alaska ni Dalton Highway, kilomita 666, iliyojengwa kwa siku 154 mwaka 1974 ili kuhudumia bomba la mafuta. Kutoka Coldfoot hadi Deadhorse ni kilomita 386 bila sheli, bila duka, bila fundi. Malori yanayokwenda kwenye visima yanarusha mawe kwenye vioo, na yana haki ya njia hata pale ambapo sheria haisemi hivyo. Ukifika Deadhorse, geti la kampuni za mafuta linakuzuia. Kuiona bahari lazima upande basi la matembezi na uwe umepeleka jina angalau saa 24 kabla, ili likaguliwe.

Njia ya Kanada inaanzia karibu na Dawson City. Dempster, iliyofunguliwa 1979, ni changarawe ya kilomita 740 hivi hadi Inuvik, na tangu Novemba 2017 kuna kipande kingine cha kilomita 138 kinachofika Tuktoyaktuk, barabara ya kwanza ya Kanada ya mwaka mzima kugusa Bahari ya Aktiki. Hapa hakuna geti. Unaegesha, unavua viatu, unaingia. Katikati kuna pantoni mbili, Mto Peel na Mto Mackenzie, ambazo husimama mito inapoganda na tena barafu inapovunjika, hivyo panga safari kati ya katikati ya Juni na mwanzo wa Septemba. Na soma mkataba wa kukodi kabla hujatia saini: wapangishaji wengi wa magari-nyumba wanazitaja Dalton na Dempster kwa majina, kwenye ukurasa wa zile barabara ambazo bima yao haifiki.